Maswali ya Mama Kuhusu Panya

Krismasi ya mwisho tuliyokula pamoja, mama alichukua firigisi ya kuku akaiweka kwenye sahani yangu. Kwetu Khwisero hilo si jambo dogo. Firigisi ni ya mwenye nyumba, na tangu baba afariki ilikuwa ya kaka yangu mkubwa, anayeishi pale nyumbani na mkewe. Mwanamke haigusi. Nikiwa mdogo niliwahi kuidokoa jikoni, nikachapwa na mama huyo huyo.

Kaka aliinamia obusuma wake, ugali wa kwetu. Wifi aliondoka kwenda jikoni na hakurudi upesi. Nilidhani wameudhika, nikasema moyoni waudhike tu, hatimaye mama ameona thamani ya kazi yangu. Nikaila yote, polepole, nikiringa. Leo nikikumbuka nilivyokuwa nikitafuna, natamani kujizaba kofi.

Kazi yenyewe naifanya maabara, Nairobi. Tunatafuta namna ya kuisaidia kinga ya mwili ipambane na saratani ya kongosho. Saratani hiyo ni jeuri. Hujizungushia nyama ngumu, na dawa za kuamsha kinga, ambazo kwa saratani nyingine zimeokoa watu, kwake huishia nje. Sisi tunatengeneza vijichembe vidogo mno, ambavyo hata ukipanga mamia sambamba havifikii upana wa unywele. Tunavipakia dawa na kuvituma vipenye hadi ndani ya uvimbe, viiamshe kinga huko huko. Kwa sasa tunavijaribu kwa panya.

Kwa miaka minane mama hakuwahi kuniuliza lolote kuhusu kazi hiyo. Majirani aliwaambia nafanya kazi ya hospitali, kwa sababu aliona haya kuwataja panya. Kisha Septemba, Jumapili moja baada ya kanisa, akanipigia simu.

“Mama,” akasema. Aliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mamake. “Hao panya wako wanaendeleaje?”

Nilifurahi mno. Nikamweleza kwamba uvimbe ule ni kama boma lililozungushiwa michongoma: mwizi yuko ndani, askari wanapita barabarani na hawana habari. Sisi tunapenyeza vitu chini ya ua vikapige kelele huko ndani ili askari waamke. Alicheka, akasema ningekuwa mwalimu.

Jumapili iliyofuata akapiga tena, na nyingine tena. Ikawa desturi yetu. Jumamosi nilikuwa nakaa nikiwaza nitakavyomweleza, kama mtoto anayejiandalia mtihani anaoupenda.

“Dawa ikishaingia, panya anakulanga tena vizuri?”

“Wengine wanakula, mama.”

“Na anasikianga uchungu hapa mgongoni?”

Nikacheka, nikamwambia panya hasemi. Hata swali hilo la mgongo, ambako uchungu wa saratani hii hujitokeza, halikunishtua.

Novemba akauliza, “Na mtu je? Mtu akiwa nayo leo, hiyo dawa yenu itamfikia?”

Nilimjibu ninavyowajibu wageni wanaotembelea maabara. “Huyo wa leo hapana. Panya wanapona na vitu vingi ambavyo kwa binadamu vinakataa. Labda miaka mingi ijayo, labda isiwe kabisa.”

“Na zile dawa za maji za hospitali, za kutiwa mshipani?”

“Ikiwa imeshaenea, mama, zinaongeza miezi tu. Na miezi mingine mtu anaimaliza akitapika.”

Nililisema hilo kwa sauti ya mtaalamu, na nilijipenda nilivyolisema.

“Asante, mama. Umenieleza vizuri.” Kisha akauliza kama nitakuja Krismasi.

Nilikuja, nikamkuta amekonda. Akaniambia ni sukari imempanda. Na mimi, ninayejua kwamba kongosho likiugua sukari huweza kupanda, nikamshauri apunguze kutia sukari kwenye chai.

Januari wifi akanipigia kusema macho ya mama yamekuwa ya njano. Sikuhitaji daktari wa kunieleza. Nilifika nyumbani kesho yake mchana, nikamkuta kaka nyuma ya nyumba akikatia ng'ombe nyasi. Nilimwambia ni kongosho, naye hakubishana. Aliingia ndani akatoka na bahasha kubwa ya hospitali. Picha, majibu, barua ya daktari, vyote vya Septemba, juma moja kabla ya simu ile ya kwanza. Daktari alikuwa amependekeza dawa za maji, na mama akaomba muda afikirie, kisha Novemba akazikataa.

“Mlijua wote?” nikamuuliza.

“Tulijua.”

“Hata siku ya firigisi?”

“Hata hiyo siku.” Alikuwa akiangalia panga lake. “Alituapisha, dada. Alisema ukijua ni yeye, utaanza kumdanganya. Alitaka kusikia kutoka kwa ule mtu wa panya, si kwa msichana wake.”

Niliingia chumbani kwa mama nikiwa na hasira ambayo mtu hapaswi kuingia nayo kwa mgonjwa. Alikuwa macho, amejikunyata chini ya blanketi, akijikuna mikono.

“Mama, ulinitega.”

“Nilikuuliza, ukanijibu.”

“Nilikuwa naongea juu ya panya!”

“Na juu ya mtu pia.” Akanitazama kwa macho yale ya njano. “Sasa ungejua ni mimi, ungesemaje?”

Ningesema twende kesho asubuhi. Ningesema dawa za siku hizi ni nzuri, nimeona watu wakipona. Ningemdanganya bila kigugumizi, na pengine angekubali, na pengine tungekuwa na miezi yetu, hata kama ni ya kutapika. Niliketi ukingoni mwa kitanda. Akaushika mkono wangu akaufunika na blanketi.

Tulimzika Februari. Watu waliniambia nimshukuru Mungu hakuteseka sana, nami nikaitikia. Ukweli ni kwamba sijamsamehe. Alinifanya nimhukumu mama yangu kwa simu, huku nikicheka, nikidhani napendwa kwa ajili ya kazi yangu. Kaka naye tunasalimiana tu.

Nilirudi maabara, maana panya walikuwa wakingoja. Wageni bado wanakuja, na kila mara kuna mmoja anayebaki nyuma ya wenzake aniulize: mtu akiwa nayo leo, dawa hii itamfikia? Jibu ni lile lile. Ila siku hizi, kabla sijafungua mdomo, mimi ndiye ninayeanza kuuliza: ni nani anaumwa?