Sabina na Kitabu cha Hamsini na Mbili

Kazi yangu ni kunoa visu. Nina jiwe la kuzungusha kwa mguu, nalibeba mgongoni, leo Kisesa, kesho Mwanza mjini, keshokutwa Sengerema. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msomaji anisamehe nikiandika kama ninavyoongea. Nataka kumweleza Sabina, maana mwaka ule nilivuka na kivuko cha Kamanga, ng'ambo upande wa Sengerema, karibu kila Jumamosi kwa sababu yake, hata wiki ambazo Sengerema nzima haikuwa na kisu kibutu.

Sabina, ambaye wengi wanamwita Mama Favour, anauza chai na karanga kwenye banda la abiria, upande wa mjini. Karanga zake haweki kwenye mfuko wa plastiki. Anasokota karatasi iwe kama pembe, anajaza, anakunja mdomo, anakupa. Karatasi ananunua kwa kilo: madaftari ya wanafunzi, magazeti, vitabu vilivyochakaa. Na ugonjwa wake wa kusoma ulianzia hapo. Siku moja alikuwa anachana kitabu, jicho likaangukia mstari mmoja, akasoma, akasoma wa pili, akavuta kigoda akakaa. Alipoinua kichwa chai ilikuwa imekauka jikoni na kivuko kimeondoka na wateja wake wote.

"Nimepata hasara," aliniambia, "lakini babu, yule binti kwenye kitabu kapona!"

Tarehe mosi Januari, ilikuwa Jumamosi, akasimama mbele ya abiria akatangaza: mwaka huu nasoma kitabu kimoja kila wiki, na kila Jumamosi saa kumi nakisimulia hapa.

Watu wakapiga makofi. Aliyecheka ni Odoyo, mpakiaji wa mizigo kivukoni, Mluo mmoja mrefu, mdomo wake hauna breki.

"Yawa, Mama Favour! Wewe namba za umeme wa luku unasomewa na jirani, utamaliza vitabu hamsini na viwili?"

"Basi utanipima wewe," Sabina akamjibu. "Kila Jumamosi niulize."

Msimamizi wa banda, bwana Masele, alikuwa anasikiliza. Banda lile lilikuwa na kona moja tupu. Mwenye soda alikuwa ameiomba aweke friji, na Sabina aliitaka aweke kabati la vitabu, anayesubiri kivuko achukue asome, akirudi arudishe. Masele ni Msukuma wa maneno machache.

"Vitabu hamsini na viwili visimuliwe hapa mpaka mwisho," akasema, "kona ni yako. Kikipungua kimoja, naweka friji."

Basi mwaka ukaanza. Vitabu alivitoa maktaba, parokiani, kwa walimu, vingine kwenye gunia lake mwenyewe la karatasi. Alisoma huku anakoroga chai, alisoma huku anakaanga. Niliwahi kupewa karanga zimeungua, nikajua kitabu cha wiki hiyo ni kitamu.

Hakukaa na utamu peke yake. Alining'iniza kibao cheusi mlangoni, akawa anaandika kwa chaki nani asome nini. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa amenuniana na mkewe alielekezwa kitabu cha mume aliyejifanya bubu akashindwa kuomba chumvi. Alirudi baada ya wiki mbili na mke mwenyewe, wanataka kingine. Mimi alinipa kitabu cha ndege, chenye maandishi makubwa. Nilikisoma miezi mitatu, kwa kidole.

Na kila Jumamosi, Sabina akifika kwenye sehemu ngumu ya hadithi, sauti ya Odoyo ilitoka nyuma ya magunia ya mkaa: "Mwisho ikawaje?" Banda zima likajifunza kuitikia naye. Hata Masele nilimwona midomo inacheza.

Tukafika Jumamosi ya mwisho ya mwaka. Vilishasimuliwa vitabu hamsini na kimoja. Cha hamsini na mbili alikuwa amepewa na mwalimu mstaafu wa Sengerema, kizee cha kitabu, hakina jalada, na mwalimu alisema hajawahi kuona kingine kama hicho. Sabina alikuwa amebakiza sura ya mwisho, akaiweka aisome mchana ili aisimulie ikiwa moto.

Sasa sikukuu zile wifi yake, Suzana, alikuwa amekuja kumsaidia. Sabina alikwenda kuteka maji, kitabu akakiacha juu ya gunia la karatasi. Abiria wa saa sita wakajaa, kila mtu anataka karanga. Suzana akaangalia, akaona kitu hakina jalada, kiko juu ya gunia, akachana kuanzia nyuma. Karatasi saba, pembe saba za karanga.

Mimi nilikuwa nimeshapanda kivuko, pembe yangu mkononi. Tulikuwa katikati ya maji simu ya Odoyo ikalia. Sauti ya Sabina tuliisikia sote bila yeye kuweka simu kwenye spika.

"Odoyo! Wifi yangu kauza mwisho wa kitabu!"

Kwa nyuma Suzana alikuwa analia, "Wifi, mimi nilijua ni za karanga!"

Nilidhani Odoyo atacheka. Mwaka mzima alikuwa anasubiri mama huyu aanguke. Akakata simu, akapanda juu ya gunia la kabichi.

"Ndugu abiria! Karanga kuleni, karatasi nipeni! Kamanga hashuki mtu na karatasi!"

"Zangu bado zimo," mama mmoja akasema.

"Mimina kwenye kitenge, mama yangu, nisaidie!"

Kikawa kichekesho. Watu wanamimina karanga kwenye kofia, kwenye kanga, mdomoni. Kijana mmoja akagoma, anasema yeye anataka kwanza ajue huyo mwanamke wa kwenye karatasi anamtafuta nani. Akasoma kwa sauti, wengine wakamzunguka. Mpaka tunagusa Kamanga, Odoyo alikuwa na karatasi sita, yangu ikiwemo. Ya saba haikuonekana. Nilimwona Odoyo amesimama ukingoni, anaangalia maji, kimya. Sijawahi kumwona kimya. Mimi nikaghairi safari ya Sengerema, nikarudi mjini na Odoyo.

Saa kumi banda lilifurika. Sabina alikuwa amesoma zile karatasi sita, zina mafuta na chumvi. Akaanza. Mwanamke amegombana na kaka yake, kaka kaondoka nyumbani kwa hasira. Miaka inapita, dada anajuta, anafunga mlango, anakwenda kumtafuta visiwani, kisiwa hadi kisiwa, analala kwa watu, anauliza kila mvuvi. Mwisho amechoka, amepanda mtumbwi wa kurudi kwao.

Hapo Sabina akaweka karatasi chini. Macho yalikuwa yamejaa.

"Karatasi yangu imeishia hapa," akasema. "Ya mwisho haikupatikana. Mzee Masele, leta friji yako."

Suzana akajifunika uso kwa kanga. Mtu wa soda alikuwepo, naye aliangalia chini.

Kwa mazoea, mtu mmoja nyuma akasema polepole, "Mwisho ikawaje?"

Odoyo akatoka nyuma ya magunia. Anajikuna kichwa.

"Yule dada alipofika mlangoni kwake," akasema, "alikuta mlango uko wazi. Kaingia jikoni. Yule kaka amekaa kwenye kigoda, anamenya muhogo. Akamwambia, 'Dada, mwezi mzima nakungoja hapa. Ulikuwa wapi?'"

Suzana akafunua uso. Kisha Sabina akapiga ukelele.

"Odoyo! Umejuaje?"

"Karatasi ya saba ilikuwa yangu. Nilimaliza karanga, nikaisoma, nikaitupa ziwani. Simu yako ilikuja baadaye, nikaona aibu kusema. Nisamehe, mama."

"Wewe umesoma?"

"Karatasi moja tu!"

Kelele ikazuka. Wengine wanasema imehesabika, wengine wanasema hapana, hajasoma kwa macho yake. Wote wakamgeukia Masele. Masele akakohoa.

"Nilisema kisimuliwe hapa mpaka mwisho," akasema. "Nani asimulie sikusema. Kimesimuliwa. Kona ni ya Mama Favour."

Suzana ndiye aliyeanza vigelegele. Mtu wa soda akagawa soda, za moto, kwa kuwa friji hana pa kuiweka. Mimi nikamwambia Masele kwa Kisukuma chake wabeja sana, yaani asante sana, akanipa mkono.

Kabati lipo mpaka leo, rangi ya bluu. Jumamosi ya kwanza ya mwaka mpya nilimkuta Odoyo amekaa juu ya magunia na kile kitabu kisicho na jalada, kidole kwenye mstari kama mimi. Kivuko kimepiga honi mara mbili, mizigo haijapakiwa.

"Babu, shikamoo. Usiniseme," akasema. "Nataka kujua waligombania nini."

Sabina akapaza sauti kutoka jikoni kwake, "Odoyo! Mwanzo ilikuwaje?"

"Nyamaza, mama! Ndiyo kwanza baba yao ananunua ng'ombe!"