Sukuma Bila Karatasi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kibao. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, ile ambayo sisi huku mtaani Kimbo huita karatasi, niliandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA KARATASI. USIULIZE. Nilirudia mara tatu ili herufi zilingane, kisha nikakitundika kwenye kibanda cha mboga cha mama yangu. Sikumwuliza.

Niliogopa mama asije akakamatwa na lawama zikawa zangu, maana mimi ndiye niliyesoma habari hizo kwenye simu. Nikajifundisha kushona kwa kutazama video, nikaenda Thika kununua vitambaa vyeupe, nikashona mifuko ya kuwapa wateja. Kila mshono uliopinda niliufumua.

Lakini wateja wetu hununua mboga ya sukuma iliyokatwa. Mama huikata nyembamba, ikiwa bado na maji, na mteja akifika nyumbani huimwaga moja kwa moja kwenye sufuria. Hilo sikulifikiria.

Mteja wetu wa miaka mingi, mama mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha, alichukua mfuko mmoja na kuurudisha kesho yake. Ulikuwa na madoa ya kijani, na sukuma imenasa kwenye mishono.

"Kijana, umetulisha uzi," alisema. "Mzee wangu amevuta mmoja mdomoni kama anavua samaki."

Waliokuwa wakingoja wakacheka.

"Ni sheria, mama," nikasema.

"Hiyo 'usiulize' pia ni sheria? Kwa redio sikuisikia." Akamgeukia mama yangu. "Kumbe ulikuwa unalea askari."

"Karatasi zinaziba mito," nikajitetea.

"Huo mto huja kununua mboga hapa?"

Mama aliendelea kukata bila kuinua macho. Yule mama akavuka barabara hadi kibanda kingine, ambako karatasi zilifichwa chini ya gunia la viazi. Wiki hiyo wapangaji wake wakamfuata. Sukuma ilituozea. Tulikula iliyobaki hadi nikachukia harufu yake, nikawachukia na wateja waliotuhama.

Nakiri jambo ambalo bado linanitia aibu: nilitafuta nambari ya kuripoti kile kibanda. Mama aliiona kwenye simu.

"Ukipiga, utafute pa kulala," alisema. "Yule mwenye kibanda analisha watoto kama mimi. Toa hicho kibao, ushike kisu. Wateja umenifukuzia wewe."

Sikupiga. Nilikata sukuma nikiwa nimenuna, vipande vyangu vinene, na watu wakavilalamikia pia. Kisha mpangaji mmoja wa ile ploti, aliyekuwa akiosha vyombo, akaja na bakuli lake mkononi. Nilimjazia. Akaenda nayo, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo sikutukanwa.

Siku hizi wateja wachache huacha mabakuli asubuhi wakienda kazini, na jioni huyachukua yakiwa yamejaa. Mifuko yangu nimeigeuza matambara ya kufutia meza. Mwenye ploti hajarudi, na akinipita hanisalimii.