Ramani ya Zahanati

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kalamu ya wino na wembe. Wembe ni wa kukwangulia makosa. Nyinyi wa kompyuta mnafuta kwa kidole. Sisi tulichora juu ya kitambaa cha pamba kilichopakwa wanga mpaka kikakakamaa. Ukikwangua vibaya unakitoboa, na kazi ya wiki nzima imekwenda na maji.

Kampuni ilikuwa ya wasanifu majengo wawili, Waingereza, walioshirikiana Dar es Salaam tangu enzi za mkoloni. Bwana Mkubwa aliitafutia kampuni kazi serikalini, Bwana Mdogo alichora. "Wewe nakili," Bwana Mkubwa aliniambia, "kufikiri tuachie sisi." Nikanakili mpaka mgongo ukapinda.

Mara moja tu nilifikiri. Tulipewa zahanati ya kwetu Bagamoyo, na Bwana Mdogo akachora chumba kimoja cha kungojea. Nikamwambia mama zetu hawatakaa goti kwa goti na wanaume wasiowajua, watarudi nyumbani na homa zao. Akanisogezea kalamu. "Basi ichore wewe." Nikachora baraza mbili, katikati ukuta wa matofali ya matundu ili upepo upite. Akaniruhusu kutia herufi za jina langu pembeni. Nilifurahi mno.

Baada ya uhuru kazi zao zilipungua, na miaka ilivyokwenda wakafunga ofisi. "Ramani zote tupa," akasema Bwana Mkubwa. Nikazibeba nyumbani. Siku hizo kitambaa kilikuwa adimu madukani, na mke wangu alikuwa amejifungua. Ukizichemsha kwa sabuni, wanga na wino hutoka, inabaki pamba laini. Moja moja zikawa nepi na vijishati. Ile ya zahanati niliiweka ya mwisho, kisha nikampa mama mtoto kwa mkono wangu aichemshe.

Nikaajiriwa idara ya ujenzi, nikahamishwa huku na huko hadi kustaafu. Mwaka huu amekuja binti wa chuo kikuu, anaandika habari za kampuni ile.

"Shikamoo babu. Zile baraza mbili zinasifiwa sana. Nimeandika kwamba wale wawili walizijua mila za pwani."

"Marahaba. Zile nilichora mimi, mjukuu wangu."

"Ipo ramani yenye jina lako?"

Nikamweleza ilikokwenda. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki.

"Samahani babu. Bila ramani, mwalimu wangu hatakubali."

Ameyaacha majina yao palepale, langu halimo. Nimechoka kubishana, ila inaniuma. Watu huniuliza kama najuta. Najuta, tena sana. Lakini mtoto hakuwa na cha kuvaa, na hata leo ningeichemsha.