Lugha Mbili za Koo Moja

Wifi yangu alikiogopa kioo cha daktari kuliko alivyoogopa kufa. Najua ninachosema, maana mimi ndiye niliyekuwa nakiosha. Ni kioo kidogo cha duara kwenye kijiti kirefu cha chuma. Daktari hukipasha moto kisishike ukungu, huvuta ulimi wa mgonjwa kwa kitambaa, kisha hukiingiza mpaka nyuma kabisa aone koo likoje. Nusu dakika tu, basi. Lakini wifi alikuwa akikitazama kwenye trei yangu kama nyoka aliyelala.

Yeye ni dada wa mume wangu. Tunakaa nyumba moja, ghorofa ya tatu, yeye na binti zake wawili vyumba vya nyuma, sisi vya mbele. Hata kazi ni hospitali moja: mimi naosha na kupanga vifaa kliniki ya koo, yeye ni mkalimani wa Kiarabu na Kiholanzi. Madaktari wanasema Kiholanzi, wagonjwa wengi wanasema Kiarabu, na katikati yao anakaa wifi kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Mimi baada ya miaka tisa pale Kiholanzi nakisikia vizuri, ila nikikisema kinatoka kimepinda. Kiarabu changu kinaishia kwenye salamu.

Zamani, tukiosha vyombo, alikuwa akinisimulia habari za lugha zake mbili kama mtu anayesengenya mawifi. Moja inaandikwa kutoka kulia, nyingine kutoka kushoto. Kiarabu kina uzazi, alisema, mzizi mmoja unatoa ukoo mzima: kitabu, katibu, maktaba, na sisi Waswahili tukagawiwa wajukuu. Kiholanzi hakizai, kinashona. Kinachukua koo, pua na sikio, kinaviunga, kinabandika daktari mwishoni, na huo mshono wote ni neno moja pale mlangoni petu. Kwenye hesabu lakini ni ndugu: sisi tunasema arobaini na nane, wao wote wawili wanaanza na nane, arobaini baadaye. Na wote wawili wanakaa kooni.

"Kiswahili unaweza kukisema kwa mdomo tu," aliniambia. "Hawa wawili bila koo huna lako."

Kisha hunikwaruzia kha ya Kiarabu, akaifuatishia ile g ya Kiholanzi, mpaka mume wangu aulize kutoka sebuleni nani amekabwa na mfupa. Tulikuwa tukicheka mpaka sahani ituponyoke.

Mzaha huo ulikwisha sauti yake ilipoanza kukwaruza yenyewe. Mafua, akasema. Wiki ya tatu, bado mafua. Wiki ya sita ikawa ni vumbi. Kazini alimwambia daktari hivyo hivyo, naye ana foleni mpaka mlangoni, akaamini. Wifi akawa anatembea na chupa ya maji ya uvuguvugu, anachagua maneno mafupi. Nyumbani hakuwaita tena binti zake, aligonga ukuta.

Mimi nilijua anawaza nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nawaza hilo hilo. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, alianza hivyo hivyo. Alikwaruza miezi minane huku akificha, na alipofikishwa hospitali ilibidi aondolewe sanduku zima la sauti. Aliishi miaka minne akiandika kwenye kibao, na aliyekuwa akitusomea kibao hicho ni wifi. Kisha ugonjwa ukarudi, ukamchukua. Sasa wifi akipoteza sauti, kazi imekwenda, na wale wasichana hawana baba wa kuwashika mkono.

"Twende ukaangaliwe," nilimwambia jikoni.

"Sitaki."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Basi kiniumbue nikiwa bado nasema."

Nikapandwa na hasira, nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Akanijibu, "Si uko kliniki ya masikio wewe? Litibu." Nikacheka bila kutaka, naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha. Alishika ukingo wa sinki. Alipoinua uso niliona hofu ambayo sikuwahi kuiona kwake hata siku ya msiba wa mama yake.

Aliniapisha nisimwambie daktari. Ukimwambia, alisema, mimi na wewe basi. Nami, mjinga, nikanyamaza. Wiki nzima nikawa nalala nikisikiliza ukutani kama anakohoa, na asipokohoa nilizidi kuogopa.

Jumanne asubuhi akaingia mgonjwa wa nne, dalali wa samani kuukuu, mzee mnene aliyetangaza bei za makabati miaka arobaini. Sauti yake ilikuwa imebaki upepo. Alisema Kiarabu, wifi akavuta kiti chake, mimi nikasimama na trei nyuma ya daktari.

Sasa, kazi ya mkalimani ina sheria moja ngumu. Hasemi "mgonjwa anasema anaumwa." Anasema "naumwa." Haongezi, hapunguzi, kinachosemwa chumbani lazima kivuke.

"Tangu lini?" daktari aliuliza.

Wifi akavusha, dalali akajibu, wifi akarudisha kwa Kiholanzi: "Wiki saba. Nilidhani ni mafua. Niliwaambia wanangu ni mafua."

Nikaacha kumtazama mzee, nikamtazama wifi.

"Kwa nini hukuja mapema?"

Dalali alizungumza kirefu, akajishika koo. Wifi naye akajishika lake, na hilo halimo kwenye sheria yoyote.

"Naogopa," alisema. "Naogopa nitalala kwenye meza ya upasuaji niamke sina sauti. Sina kitu kingine cha kuwalishia watu wangu."

Alisema polepole, neno kwa neno, sauti inakatika kwenye kila g. Vyombo vikaanza kugongana kwenye trei yangu, ikabidi niiweke chini. Daktari aligeuka akanitazama mimi, hakumtazama yeye.

Akamkagua dalali kwa kioo. Kisha akasema kama wanavyosema wao, moja kwa moja: kuna uvimbe, atakata kipande kikapimwe. Amewahi, kwa hiyo kuna matumaini makubwa sauti ibaki. Angechelewa miezi michache asingemwahidi kitu. Wifi alizoea kuniambia kwamba Kiholanzi kinakupa habari mbaya ukiwa umesimama, Kiarabu kinakukalisha kwanza. Siku hiyo hakumkalisha mtu. Aliivusha kavu kavu, na kwenye ile miezi michache akasimama kidogo kuvuta pumzi.

Nilitegemea mzee aulize habari ya kisu. Hakuuliza. Alimtazama wifi usoni kwa muda mrefu, halafu akasema maneno machache ya Kiarabu, taratibu.

Wifi akanyamaza.

Miaka tisa sijawahi kumsikia akinyamaza kwenye chumba kile. Daktari akauliza, "Amesema nini?" Wifi akatazama sakafu. Mzee akayarudia maneno yale yale, akasubiri.

Angeweza kudanganya. Daktari hajui Kiarabu, mimi sijui, na mzee hajui Kiholanzi. Angesema tu mgonjwa anashukuru, tungeita wa tano. Nilimwona akimeza mate, na kumeza kwenyewe kulimuuma. Kisha akainua kichwa akasema kwa Kiholanzi:

"Nimeishi kwa kusikiliza sauti za watu. Ya huyu mama anayenisemea imeharibika kuliko yangu. Yeye mtamwangalia lini?"

 Daktari alivua glavu, akavaa nyingine. Dalali alijiinua mwenyewe kutoka kwenye kiti cha wagonjwa, akakipangusa kwa kiganja, akasogea pembeni. Nilidhani wifi atakimbia, na nilikuwa tayari kumzibia mlango, anichukie akitaka. Lakini alikaa. Alishika mikono ya kiti. Nilitoa kioo kisafi, nikatumia mikono miwili kumkabidhi daktari.

"Tangu lini?" akamuuliza.

Wifi akafungua mdomo. Kiarabu kilimkimbia, Kiholanzi kikamkimbia. Aligeuza shingo akanitafuta mimi, na akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini sana, kwamba ni wiki tisa, kwamba mama yake alikufa hivi, kwamba anaogopa.

Daktari akasubiri. Hapakuwa na mwingine wa kumsemea. Nikamshika bega, nikasema kwa Kiholanzi changu kibovu, bila kuongeza, bila kupunguza:

"Wiki tisa. Mama yangu alikufa hivi. Naogopa."