Mikono Inayosalimia Ukingo wa Televisheni

“Hicho ni kiwiko tu, jirani. Hata mimi nina kiwiko.”

Akua Pinamang ameegemea mlango wa sebule ya jirani yake, Eno Abrafi, mtaa wa nyuma ya soko la Mampong, Ghana. Kwenye televisheni nene ya zamani unapita msururu wa waombolezaji, nguo nyeusi na nyekundu, wakitoa mikono ya pole. Kila mmoja anaanza kwa kunyoosha mkono kwenye ukingo wa kioo, pasipo na mtu ila kiwiko kinachochungulia, kama anayesalimia ukuta.

Eno Abrafi anasema kiwiko hicho ni chake. Pinamang anataka kujua, kama kweli alikuwepo, uso aliuacha wapi.

Nyuma ya televisheni, mwanamume aliyechuchumaa akikaza waya anashusha pumzi ndefu. Huyo ni Yaw Dankyi, umri miaka arobaini na miwili, mpiga video za misiba. Hii ni mara ya nne wiki hii anaitwa kwa DVD hiyohiyo.

“Kwenye kompyuta yangu mama huyu yupo mzima, kilemba hadi viatu,” anasema. “Televisheni hizi zinakula kingo. Juu zinakula, chini zinakula, pembeni ndiyo usiseme. Lakini anayeitwa mwizi ni mimi.”

Jambo lenyewe si dogo. Hapa anayeingia msibani husalimia kuanzia kulia kwenda kushoto, na kiti cha kwanza kulia alikalia Eno Abrafi, dada mkubwa wa marehemu. Ndugu hao walikuwa hawasemeshani mwaka wa sita, na mtaa ulishaapa kwamba hatakanyaga. Alikanyaga. Alikaa pale tangu asubuhi hadi jua linazama. Sasa nakala zimefika Hamburg, Ujerumani, na mtoto wa marehemu anayeishi huko amepiga simu akiuliza kwa nini shangazi hakuja kumzika baba yake.

Jumamosi hii ni siku ya arobaini. Ukoo wote unakuja kwa Eno Abrafi, na DVD itawekwa.

Dankyi alikuwa fundi redio kabla ya kushika kamera, mwaka wa kumi na mbili sasa. Msiba mmoja ni cedi mia nane pamoja na diski ishirini, na kila diski hukaa mashineni dakika ishirini. Kurudia ni bure, na mwezi uliopita alirudia misiba mitatu. Mkewe ameanza kumuuliza kama anafanya kazi au anatoa sadaka.

Mara ya kwanza aliisogeza picha nzima upande mmoja. Eno Abrafi akatokea, ila mjomba wa marehemu, aliyekaa mwisho kabisa kushoto, akatoweka. Mjomba alipiga simu kabla ya chakula cha mchana. Mara ya pili na ya tatu, Dankyi hapendi kuzizungumzia.

Televisheni bapa zina mahali pa kuamuru picha yote ionekane, lakini wenye nazo wameviringisha rimoti kwa nailoni na hawataki iguswe. “Nikipoteza chaneli ya mpira ya mtu,” anasema, “wataanza kupanga msiba wangu, na sijui nani atapiga video.”

Leo amekuja na dawa nyingine. Ameipunguza picha yote, akaizungushia utepe mweusi pande nne, ili televisheni ikitafuna, itafune utepe.

Anaingiza diski. Msururu unaanza. Mkono wa kwanza unanyooshwa, na safari hii unapokelewa. Eno Abrafi yuko pale mwanzo wa safu, mzima, kidevu juu.

Pinamang anauliza weusi ule pembeni ni wa nini, mbona picha imetiwa ndani ya jeneza.

“Ni msiba, Maame,” anasema Dankyi. “Ulitaka niweke maua?”

Eno Abrafi hawasikilizi. Anaomba irudishwe nyuma. Inarudishwa. Anaomba tena. Mara ya tatu anasogea hadi magoti yake yanagusa meza. Yule mwanamke wa kwenye kioo anapokea mikono kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto anafuta uso, anafuta, haachi.

“Sikujua nililia namna hiyo,” anasema.

Mlangoni, Pinamang anaangalia vidole vyake. “Ni wewe,” anasema hatimaye. “Nitawaambia watu wa mtaa.”

Dankyi anakunja waya. Ana mpango wa kununua televisheni kuukuu ya kioo kinene aiweke kibandani, kila diski iliwe kingo pale kwake kabla haijaliwa kwa watu. Kwenye kioo cha kutazamia cha kamera ameshabandika karatasi ya gundi pande mbili, kuonyesha sehemu itakayoliwa. Atakayekaa nje ya alama hizo ataombwa asogeze kiti, awe mjomba, awe chifu.

Uani mchi uliokuwa ukitwanga muhogo wa fufu umenyamaza, na harufu ya mchuzi wa mawese imeingia sebuleni. Eno Abrafi anafuta macho kwa ncha ya kitambaa.

“Yaw, nawa mikono,” anasema. Kisha anageuka. “Na wewe, Akua, umesimama mlangoni kama mdai. Ingia ndani, tule.”