Mama Asiyeruhusiwa Kumshangilia Mwanawe

Saa nane mchana viti vya ukumbi bado vitupu. Mama Dekio anatembea peku chini ya kikapu, akipapasa mbao kwa nyayo kutafuta unyevu. Sakafu hii haina urafiki na maji. Jasho kidogo tu linatosha kumvunja mtu goti.

Hiyo ndiyo kazi yake katika mashindano haya ya kimataifa ya mpira wa kikapu. Mchezaji akianguka na filimbi ikilia, anakimbilia pale, anafuta, anarudi kwenye kigoda chake pembeni. Mengine hayamhusu. Mfuta sakafu hapigi makofi wala hasemi na mchezaji. Akikiuka, kibarua kimeota nyasi.

Tabu ni kwamba kitinda mimba wake anachezea timu ya taifa.

"Huyu nimemfuta tangu mchanga," anasema. "Nikajua nimemaliza, kumbe!"

Anacheka, lakini tangu juzi kicheko chake hakikai. Siku hiyo timu ya taifa ilikuwa mbele kwa pointi moja, mchezo uko ukingoni. Mfungaji wa wageni akaanguka na kulowesha sakafu. Mama Dekio akakimbia, akafuta pakakauka kabisa. Mpira uliporudishwa, mgeni yule yule alikanyaga pale pale, akaruka, akafunga. Mchezo ukaishia hapo, wageni wakashinda.

Mtaani hawajamwachia. Muuza mkaa anamwita mchezaji wa sita wa wageni. Jirani alimuuliza, bila hata salamu, kwa nini hakujikwaa kidogo tu njiani. Hayo anayameza. Lililomkaa kooni ni la binti yake, aliye kambini na wenzake. Tangu siku ile hajapiga simu, na akipigiwa hapokei.

"Kununa amerithi kwangu, simlaumu," anasema Mama Dekio. "Inauma, sikufichi. Ila yule mgeni naye ana mama yake. Angevunjika, mimi ningemtazama vipi?"

Mechi ya leo ni ya kufa na kupona. Wakifungwa, wanaaga mashindano.

Katika robo ya tatu, binti na mpinzani wake wanagombea mpira na kuanguka wote wawili, karibu kabisa na kigoda. Filimbi inalia. Mama anafika na dekio lake, anainama, anafuta alipoangukia mwanawe. Binti bado ameketi chini, anahema. Hamtazami.

Kisha anainuka na kunyoosha kidole upande wa pili.

"Mama, na pale kwa mwenzangu pamelowa."

Mama Dekio hajibu. Anapafuta napo, anarudi kukaa, mikono mapajani.

Timu ya taifa inashinda na kusonga mbele. Ukumbi mzima umesimama, watu wanakumbatiana wasiojuana. Yeye amebaki kwenye kigoda, anasubiri watoke apate kupiga deki. Anapoulizwa kama alimsikia binti yake, anajipangusa macho kwa kiganja.

"Nimemsikia. Ila humu ndani hairuhusiwi kumjibu," anasema, huku akikamua dekio. "Nitampigia jioni. Leo atapokea."