Mpishi wa Kisra Anayesikia Baridi Jikoni

Saa sita mchana, Koboko, mji wa mpakani. Jua la Februari limepasua udongo wa ua, na moto unanguruma chini ya bamba la chuma. Mariam Poni anamwaga uji wa mtama, anautandaza kwa kipande cha ukuti mpaka unakuwa mwembamba kama karatasi, kisha anabandua kisra, mkate laini kama chapati. Majirani wanajipepea. Yeye amevaa sweta ya sufu, vifungo vyote vimefungwa.

"Mimi iko nasikia baridi," anasema kwa sauti nzito inayokwaruza. "Tena hapa, mbele ya moto!"

Ana miaka thelathini na minne. Miaka miwili iliyopita alipika kisra themanini kwa siku. Mwaka jana, 1974, hakufikisha ishirini. Nywele zilinyonyoka, uso na miguu vikavimba, usingizi ukawa unamkamata ameketi.

Mama mkwe wake, Hajara, alipoona uso umejaa alifurahi. Akashona nguo za mtoto. Miezi tisa ikapita, mtoto hakuja.

"Siku moja alirudisha nguo kwa sanduku," Mariam anakumbuka. "Halafu nikasikia anaambia bwana yangu Fadhul: hii si mimba, hii ni uvivu."

Oktoba alisinzia akipika. Mkono wa kulia ukaangukia bamba.

"Harufu ndiyo iliniamsha. Nilifikiri kisra inaungua. Kumbe ni mimi."

Fadhul alimpakia kwenye lori la tumbaku hadi hospitali Arua, wakitarajia bendeji tu. Lakini Daktari Angelo, akisafisha kidonda, aliacha ghafla.

"Mama, sauti hii ulizaliwa nayo?"

"Hapana, daktari. Ilikuja tu."

Akampa maji, akamwambia ameze, akaitazama shingo yake kwa muda mrefu. Damu ikapelekwa Kampala. Majibu yalichukua wiki saba.

"Tezi ya shingoni, ile inayoupa mwili joto na nguvu, haijashindwa," daktari aliwaeleza. "Lakini inachoka. Uko mpakani, kati ya mzima na mgonjwa."

Mariam anasimulia hayo akibandua kisra nyingine.

"Siwezi kuinua debe ya maji, na karatasi inasema mimi karibu mzima! Nikamwambia, daktari, mpaka wa nchi mimi najua, nakaa karibu yake. Pale mutu anapita ama anarudishwa. Mimi iko upande gani?"

Fadhul aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo haikuwa uvivu?"

"Haikuwa," daktari akajibu.

Wengine wenye majibu kama hayo Angelo huwaacha kwanza bila dawa, akawapima tena baadaye. Kwa ajili ya ule mkono ulioungua, alimpa Mariam nusu kidonge cha kuisaidia tezi kila asubuhi, miezi mitatu ya kujaribu, bila kumwahidi kupona. Sasa ni wiki ya sita. Jana alipika kisra arobaini.

Jambo moja bado linamsumbua. Jirani yake Suzan alivimba hivyohivyo, akapoteza sauti. Mumewe alimrudisha kijijini kwao Omugo, akidai amechoka kulisha mtu anayelala.

"Mimi mwenyewe nilisaidia kufunga mizigo yake," Mariam anasema.

Mwezi ujao anarudi Arua kupimwa. Lori halipiti Omugo.

"Nitashuka njiani, nitatembea mpaka kwa Suzan," anasema. "Kwa daktari tutaingia sisi wawili."